Kiuno cha Mwaka

Hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kila kundi la watu lina mwaka wake. Walimu husema mwaka unaisha tarehe mbili Julai, siku ya proklamasio, watoto wanapopangwa uani na matokeo yao kusomwa kwa sauti mbele ya wazazi. Majirani zangu Waislamu wana mwaka unaotembea: mfungo huwakuta safari moja kwenye mvua, safari nyingine kwenye vumbi. Wavuvi huhesabu mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukijaa samaki wadogo hawafuati taa, na nyavu hubaki zimeanikwa. Wenye mashua za kwenda Kazimia wanajua upepo na kutokuwa na upepo. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na jambo la kwanza nililoweza kuandika bila kukosea lilikuwa tarehe. Kwa hiyo nimewasikiliza wote kwa makini. Sijapata kwa yeyote kati yao neno la katikati ya mwaka. Neno hilo nililipata kwa mama wa mume wangu. Yeye husema kiuno cha mwaka.

Alinieleza mara moja tu, katika mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, tukiwa shambani tunang'oa karanga. Nilikuwa nimeinama muda mrefu. Nilipojinyoosha nikishika mgongo kwa mikono miwili, akacheka.

"Mwaka nayo iko na kiuno," akasema. "Kule nyuma kuna mavuno, kule mbele kuna mvua ya kulima. Pa kati njo unafunga kikwembe. Usipofunga pale, vyote unabeba vitaanguka."

Njo yake ni ndiyo ya vitabuni. Mengine niliyaelewa kwa kuishi naye.

Kiuno cha mwaka hufika mvua za mwisho zinapokatika, karanga zimeng'olewa na kukauka, na ardhi haina kazi ya kumpa mtu. Ni majira ya hatari. Chakula ni kingi, watoto wameshiba, wageni wanashuka kutoka Fizi na kupanda kutoka Swima, harusi ni nyingi, na kila jungu linaomba karanga. Asiyejifunga wakati huo atafika Septemba na mvua itamkuta mikono mitupu. Ndiyo maana katika ukoo wetu hawasemi kwamba fulani ni tajiri. Husema amefunga kiuno. Watu wakiahidiana jambo, husema tutaonana kiunoni. Na miaka ile tuliyokimbia vita, tukavuka ziwa kwenda ng'ambo, Tanzania, wazee waliitaja kwa namna moja tu: miaka isiyokuwa na kiuno.

Mama mkwe hakukubali kauli hiyo ya mwisho, nami namheshimu kwa kutoikubali. Siku tuliyokimbia, wengine walibeba masufuria, wengine magodoro. Yeye alifunga karanga za mbegu ndani ya kitambaa, akakizungusha kiunoni chini ya kikwembe, akapanda mashua akiwa ameketi wima kama mjamzito anayelinda mimba. Kambini tulipewa unga na maharagwe. Kulikuwa na siku ambazo hata hayo hayakutosha, na sote tulijua alichofunga. Hakuna aliyethubutu kumwomba. Mvua ya kwanza ilipoanguka alipanda karanga zile nyuma ya hema, kwenye kipande cha ardhi kisichozidi mlango wa nyumba, akazivuna, akazipanda tena mwaka uliofuata, na tena. Tuliporudi mwaka 2006, tulitua ufukweni Baraka, yeye akiwa na mzigo uleule kiunoni. Karanga tunazokula leo ni watoto wa karanga zile. Nimekutana na watu wengi wenye maneno makubwa kuhusu kuipenda nchi. Sijakutana na mwingine aliyeibeba kwa namna hiyo.

Sasa nieleze mkeka, kwa kuwa mambo yote yanasimama juu yake.

Kiuno cha mwaka kinapofika, mama mkwe hutandika mkeka mkubwa wa matete katikati ya ua, pale kijijini kwetu kwenye njia ipandayo Fizi. Kila mwanamke wa ukoo, yaani kila mke wa mtoto wake na wa watoto wa shemeji zake, huleta mbegu alizotenga katika mavuno yake na kuzimimina hapo. Mbegu zikishamiminwa hazina mwenyewe. Wanawake huketi kuzunguka mkeka, hubangua na kuchambua, zilizooza huku, zilizosinyaa kule, vidole vinakuwa vyekundu kwa vumbi la maganda, na vicheko havikatiki. Wakimaliza, mama mkwe huchukua kibuyu chake cha kupimia na kumpa kila mmoja kipimo sawa. Aliyeleta ungo mzima na aliyeleta konzi moja hupokea sawasawa, na baada ya hapo hakuna awezaye kukumbuka nani alileta nini. Nimeona mwanamke ambaye nguruwe pori walimaliza shamba lake akiondoka mkekani kichwa juu kama wengine. Na kuna jambo moja zaidi: aliyepokea mkekani ana sehemu yake bondeni, kwenye mashamba ya ukoo. Mvua ya Septemba ikianguka, atalima pale alipolima, na hakuna wa kumuuliza.

Hakuna anayeitwa mkekani. Hilo ni la msingi. Hakuna mjumbe, hakuna ngoma. Wote walikuwa wakiishi kuzunguka ua uleule; mkeka ukionekana chini, kila mmoja aliinua ungo wake na kuja. Desturi hiyo ilitungwa na watu ambao hawakuwahi kufikiri kwamba mke wa ukoo ataishi mahali asipouona mkeka.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mume wangu alifariki tarehe 11 Novemba 2014, siku ya Jumanne, kwa ugonjwa wa wiki mbili. Alikuwa fundi wa mbao, mtu wa maneno machache, na milango aliyoitengeneza bado inafungika vizuri kuliko milango mingine ya kijiji. Nasema hivi kwa sababu ni kweli. Tarehe 14 Februari iliyofuata ukoo ulikaa. Ilipendekezwa, kwa heshima na bila ukali, kwamba mdogo wake anichukue pamoja na watoto wangu wanne. Nilisimama nikawashukuru. Nikasema nimeolewa mara moja, na mara hiyo imenitosha.

Shemeji yangu huyo, ambaye nadhani alifarijika na kuudhika kwa wakati mmoja, alinitazama akasema mbele ya wote:

"Shemeji, mutu asipotaka nyumba, asitake na shamba."

Mama mkwe alikuwepo, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Hakusema neno. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta.

Niliondoka na vitu viwili moyoni: maneno ya shemeji, na ukimya wa mama. Kwa muda mrefu sikujua kipi kizito zaidi.

Mwezi wa Machi nilipanga chumba Baraka, si mbali na soko, katika ua wa mwanamke Mwislamu ambaye mume wake ana mashua. Asubuhi nilipika mikate ya kuuza, na alasiri nilikwenda katika darasa la watu wazima. Siku za Jumamosi nilikwenda bondeni kulima, kwa maana karanga nilikuwa nimekwisha kupanda mwishoni mwa Februari, na hakuna aliyenizuia kuzitunza. Nilivuna kuanzia tarehe 6 Juni. Nilizianika juu ya bati, nikachagua nzuri kuliko zote, nikazijaza ndani ya kikapu na kukiweka juu ya kabati, mbali na panya na mikono ya watoto.

Kikapu kile kilikuwa swali. Ikiwa ningali mke wa ukoo, zile zilikuwa mbegu, na watoto wangu walikuwa na bonde. Ikiwa si mke wa ukoo tena, zilikuwa karanga za kukaanga, na Septemba ingetukuta tukinunua kila tunachokula. Nami niliamini kwamba aliyekataa mlango mbele ya watu hawezi kurudi na kuusukuma mwenyewe. Lazima afunguliwe. Niliamua kungoja kuitwa.

Katika majuma yale yale mwalimu wetu alitufundisha kalenda. Aliuliza darasa katikati ya mwaka ni lini. Watu wazima tukaanza kubishana kama watoto. Mmoja akasema Juni, kwa kuwa ni mwezi wa sita. Mwingine akasema mwaka ni kamba, na kamba haina katikati mpaka uikunje. Mwalimu aliandika ubaoni siku mia tatu sitini na tano, akagawanya, akatuonyesha: tarehe mbili Julai, saa sita mchana. Nilivutiwa sana. Nilirudi nyumbani nikahesabu tena kwa punje za mahindi sakafuni, mwezi kwa mwezi, na punje zikakubaliana na mwalimu. Nilifurahi kwamba neno la mama mkwe lilikuwa na mahali pake hata ubaoni.

Ila furaha hiyo ilikuja na ncha. Sasa nilijua siku ya kungoja.

Tarehe 30 Juni, siku ya uhuru, shule zilipita kwa maandamano na vumbi likatanda mpaka ziwani. Hakuna aliyekuja kutoka kijijini. Tarehe mosi, hakuna. Tarehe mbili nilikwenda kwenye proklamasio. Watoto wangu wote wanne walipita, na binti yangu mkubwa alikuwa wa tatu darasani. Niliporudi sokoni kununua samaki wa kuwapongeza, nilikutana ana kwa ana na mke wa shemeji.

Tulisalimiana vizuri. Tulikuwa tumeolewa katika ua mmoja, tumetwanga katika kinu kimoja.

"Batoto beko?" akauliza.

"Beko, bamepita bote. Na kwenu?"

"Tuko tu."

"Mama iko muzima?"

"Muzima. Kinywa yake njo muzima zaidi."

Tukacheka. Kisha akapokea chenji yake kwa muuza samaki, na nikaona vidole vyake. Vilikuwa vyekundu hadi kwenye kucha, wekundu ule wa maganda ya karanga usiotoka kwa maji ya siku moja. Mkeka ulikuwa chini. Walikuwa wanachambua.

Nilimtazama usoni, naye akatazama samaki wake. Akafungua mdomo, akaufunga. "Basi, dada, tutaonana," akasema, akaenda zake haraka kuliko mzigo wake ulivyohitaji.

Jioni ile mwenye nyumba alinikuta nikiwasha mbabula, jiko langu la makaa, moto umekolea, kikapu kimeshushwa kutoka juu ya kabati.

"Leo harufu ya karanga itatuua," akasema. "Proklamasio?"

"Proklamasio," nikajibu.

Aliketi kwenye kizingiti. Yeye ni mwanamke anayeona mambo. "Hizo si zile ulikataza watoto hata kuzigusa?"

Nikamweleza. Nilimweleza vidole, na mkeka, na maneno ya shemeji. Alisikiliza, kisha akauliza swali dogo: "Huyo mama mkwe wako, ni yule wa kambini? Aliyezifunga kiunoni?"

"Ni yeye."

"Na kule njaa iliwauma, hakuzipika?"

"Hakuzipika."

"Na wewe umeshiba samaki, unazipika?" Akainuka, akapangusa vumbi. "Mwaka wangu mimi unatembea, hauna kiuno, sijui mambo yenu. Lakini kwenye moto huo weka maharagwe."

Niliweka maharagwe. Kikapu nikakirudisha juu ya kabati. Hata hivyo sikwenda kijijini, wala siku iliyofuata sikwenda. Sina haja ya kupamba: nilikuwa bado nangoja.

Tarehe 4 Julai, Jumamosi, kabla ya saa mbili asubuhi, pikipiki iliingia uani kwa kishindo. Nyuma ya dereva alikuwa ameketi mama mkwe, upande upande, mkono mmoja umeshika kilemba na mwingine umeshika shingo ya yule kijana kana kwamba ni mpini wa jembe. Katika umri wangu wote sikuwahi kumwona juu ya pikipiki. Alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka nyusi.

"Koko, shuka polepole," dereva akasema, akimwita bibi kwa heshima. "Na uniachilie shingo."

"Ungeendesha kama mutu, ningeachilia tangu zamani." Akashuka, akajinyoosha, akapaza sauti ua mzima usikie. "Weye, mukamwana! Uko ndani ao umehama?"

Mukamwana ndiye mke wa mwana, yaani mimi. Nilitoka nikifunga kikwembe. "Niko, mama. Karibu."

"Usiniambie karibu! Karibu banaambiaka bageni. Mi niko mugeni wako?"

Milango ya majirani ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine.

"Hapana, mama."

"Mukeka iko chini siku tatu. Tatu! Kuku banadonoa, umande unaingia. Bamama bananiuliza: mama, tupime? Nabaambia: bado. Shemeji yako anakuja: mama, kunja mukeka, mbegu zitaoza. Namwambia: kunja kwanza mugongo yako, uende kulala. Bote banakaa pale bananingojea mi, na mi nakungojea weye. Unafanya nini huku?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, si kwa kugombezwa. Nikajibu kama nilivyoweza.

"Nilikuwa nangoja kuitwa, mama."

Alinitazama kama mtu anayetazama kitambaa kuona kama kimechanika au ni mstari tu wa rangi. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa chini, lakini majirani walikuwa wameshasogea, kwa hiyo walisikia.

"Miaka yote umekaa kwangu, uliona nani aliitwa ku mukeka?"

"Hakuna."

"Kule ng'ambo, mu kambi, niliita nani?"

"Hakuna, mama."

"Mugeni njo anaitwaka. Nikituma mutu akuite, bale batasema: muliona? Amemwita. Mutu wa kuitwa iko mugeni, na mugeni akienda kwao, shamba inabaki. Ile siku ya kikao nilinyamaza juu ya nini? Ningesema, abaki, ingekuwa ni mi nakupa. Mi sina cha kukupa. Iko yako." Akavuta pumzi. "Niliwakataza bote basikuambie kitu. Nikasema atakuja mwenyewe. Haukuja. Kukuita sikuiti. Nimekuja kugombana na weye. Mugeni hagombezwi."

Mwenye nyumba alikuwa amesimama karibu na jiko lake, mkono mdomoni. "Mashallah," akasema taratibu. "Mwaka wangu unatembea. Wako umekuja na pikipiki."

Hata mama mkwe alicheka. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika. "Karanga iko wapi? Ulizipika?"

Niliingia ndani nikakitoa kikapu. Akaingiza mkono mpaka chini kabisa, mahali ambapo wavivu huficha mbegu mbaya, akatoa konzi, akaziangalia kwenye mwanga, akazirudisha moja moja. Hakusema ni nzuri. Aliniambia tu: "Jifunge, twende."

Nimefikiri sana juu ya asubuhi ile. Mwanamke asiyejua herufi moja alikuwa ameona kitu ambacho mimi, pamoja na kiburi changu, sikukiona: kwamba njia zote za kunirudisha kwa upole zingenifanya mgeni, na kwamba njia moja tu iliyobaki ilikuwa kunigombeza hadharani, mbele ya watu wa Baraka, kama mtoto wa nyumbani. Kwa ajili hiyo alipanda pikipiki akishika shingo ya kijana wa watu. Sijui wangapi kati ya wenye shahada wangeitafuta njia hiyo na kuipata.

Tulifika saa nne. Wanawake walikuwa wameketi kuzunguka mkeka, wamechoka kuchambua kilichokwisha kuchambuliwa. Mke wa shemeji aliponiona alifunika uso kwa mikono yake myekundu, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Aye, dada!" akasema. "Pale sokoni nilitaka kupasuka. Mama alisema atakayekuambia, hatapimiwa."

Nilimimina kikapu changu. Karanga zangu zikaingia katika nyingine, na kwa kitambo kidogo niliweza bado kuzitofautisha, kwa kuwa zilikuwa kavu zaidi; halafu mikono ya wenzangu ikapita juu yake na sikuzijua tena.

Shemeji alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Si mtu mbaya. Leo tunalima jirani, na mwanangu wa pili amejifunza kwake kushona nyavu. Lakini siku ile ilibidi aulize, na aliuliza.

"Mama, huyu atapimiwa kwa nyumba gani?"

Mama mkwe alikuwa tayari ameshika kibuyu. Hakugeuka. "Kwa nyumba ya mutu aliletaka mbegu. Weye ulileta?"

"Mi ni mwanaume, mama."

"Basi hauko ku mukeka. Kaa kule."

Alinipimia. Kipimo kimoja, kilichojaa, kikasawazishwa kwa kiganja chake, sawa na cha aliyenitangulia na sawa na cha aliyenifuata. Nilikipokea katika kikwembe nikafunga fundo.

Walipokwisha kupimiwa wote alikaa chini, akanyoosha miguu, akaniuliza kana kwamba ndio kwanza amekumbuka:

"Leo ni tarehe ngapi?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema tatu, mwingine akasema labda tano.

"Ni tarehe nne Julai, mama. Jumamosi."

"Unajua sawasawa?"

"Najua sawasawa." Na kwa kuwa nilikuwa bado na ubao wa mwalimu kichwani, nikaongeza: "Mwalimu anasema kiuno chenyewe ni tarehe mbili, saa sita ya mchana. Nilihesabu, na ni kweli."

Aliisikiliza hesabu yangu yote, miezi na siku, bila kunikatiza. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Naamini ilimpendeza kwamba kitu kile kilikuwa na katikati hata kwa wenye vitabu.

"Ile ni kiuno ya mwaka," akasema. "Na yetu ni siku bote bamefika. Leo bote bamefika." Akawatazama wanawake mmoja mmoja. "Mwingine atahamia Uvira. Mwingine atafuata bwana yake Kazimia. Mukeka hawataiona. Na mi sitapanda tena ile pikipiki." Kisha akanigeukia. "Weye unajua tarehe. Tarehe nne inabadilikaka?"

"Haibadiliki, mama. Kila mwaka inarudi mwezi uleule."

"Basi njo hiyo. Kila mutu aiweke mu kichwa, asiwepo wa kusema hakuitwa."

Tangu siku hiyo kiuno cha mwaka katika ukoo wetu ni tarehe 4 Julai. Ni uamuzi wa mama, lakini tarehe ni yangu, nami sioni aibu kujivunia. Wake za ukoo wameenea sasa. Kuna anayetoka Swima, kuna anayetoka Uvira njia inapokuwa wazi, na hakuna anayetumiwa habari. Mwaka ambao njia ilifungwa na mmoja wetu akashindwa kufika, kipimo chake kilifungwa peke yake na kutundikwa darini mpaka alipokuja kukichukua, na alipokuja aligombezwa vizuri.

Mvua ya mwaka ule ilianguka tarehe 17 Septemba. Nilipanda mstari wangu wa kwanza kando ya ule wa shemeji, na hakuna aliyeniuliza.

Mama mkwe haoni vizuri siku hizi. Anawajua watu kwa miguu yao. Julai iliyopita niliondoka Baraka alfajiri, kungali na baridi ya kiangazi, nikafika uani kabla ya mwingine yeyote. Hata mkeka ulikuwa bado umekunjwa, umeegemezwa ukutani. Alikuwa ameketi mlangoni mwake, kibuyu magotini. Aliinua kichwa aliposikia hatua zangu.

"Umechelewa," akasema.

Nilitua ungo, nikachukua mkeka, nikautandika.